Akishinda ni farasi, akishindwa ni joki

Jumapili moja beshte yangu alinivuta hadi uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, hapa Nairobi. Nimepita lango lile mara mia nikiwa ndani ya matatu na sikuwahi kuingia. Nilidhani ni mahali pa watu wenye kofia kubwa na Kiingereza cha puani. Kumbe kuna familia zimekaa kwenye nyasi, watoto wanakimbizana, na wazee wamekunja karatasi za mbio wakibishana kuhusu farasi jinsi sisi tunavyobishana kuhusu Arsenal.

Mzee mmoja aliyekuwa mbele yetu alishinda mbio zake za kwanza. Akaruka juu akiliita jina la farasi: "Huyo ni moto! Niliwaambia huyo farasi ni moto!" Mbio zilizofuata aliweka pesa tena. Farasi alikuwa mwingine, lakini aliyekuwa mgongoni ni joki yule yule. Safari hii wakamaliza wa pili, pengo la shingo tu. Mzee akaitupa tiketi chini: "Joki ametuuza!"

Sikia hiyo vizuri. Mtu mmoja, mchana mmoja, kazi moja. Aliposhinda, jina lake halikutajwa. Aliposhindwa, alipata jina, tena jina baya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja: kwa farasi wa hali ya juu kabisa, joki ana umuhimu gani hasa? Nimetazama video za mbio za zamani hadi bando ikaisha. Nitakwambia msimamo wangu mapema usije ukasema nimekuzungusha. Farasi bora hatengenezwi na joki. Lakini anaweza kuharibiwa na joki, na yule asiyemharibu anastahili heshima kuliko tunayompa.

Tuanze na upande wa farasi, maana una nguvu.

Mwaka wa 1973 Marekani ilikuwa na farasi mwekundu aitwaye Secretariat. Alishinda mbio tatu kubwa za farasi wa miaka mitatu: Kentucky Derby, Preakness na Belmont. Kwa miaka 25 hakuna farasi mwingine aliyekuwa amezishinda zote tatu. Ile ya Belmont ndiyo inayofanya watu wapagawe hadi leo. Alikimbia takriban mita 2,400 kwa dakika 2 na sekunde 24, akamwacha wa pili kwa urefu wa farasi 31. Rekodi hiyo bado iko pale pale.

Mgongoni alikuwa Ron Turcotte, Mkanada. Ukiitazama ile video utaona kitu cha ajabu: Turcotte ni kama hafanyi chochote. Hachapi, hapigi kelele. Karibu na mwisho anageuza shingo kuangalia saa ya uwanja, kama mtu aliye stejini anayechungulia kama matatu inakuja.

Basi wale wanaosema "ni farasi tu" wana ushahidi. Na wanao zaidi. Oktoba mwaka huo huo Secretariat alikimbia mara ya mwisho, huko Toronto, Kanada. Turcotte alikuwa amefungiwa, hakuruhusiwa kupanda. Akapewa kazi joki mwingine, Eddie Maple. Farasi akashinda, tena bila presha. Rudi nyuma hadi Aprili, wiki chache kabla ya Kentucky Derby: Turcotte yuko juu, lakini Secretariat ana jipu mdomoni. Wakamaliza wa tatu.

Piga hesabu mwenyewe. Farasi mzima akiwa na joki wa kuazima, ushindi. Farasi mgonjwa akiwa na joki wake wa kila siku, nambari tatu. Ukiishia hapo, utasema joki ni abiria aliyevaa rangi nzuri.

Tena kuna mahali ambapo binadamu ameondolewa kabisa mgongoni. Katika nchi za Ghuba, Qatar na Milki za Kiarabu, mbio za ngamia zilikuwa zikitumia watoto wadogo kama majoki, wengi wao wakiletwa kutoka Pakistan, Bangladesh na Sudan. Ilikuwa aibu kubwa, na dunia ikapiga kelele. Kuanzia mwaka wa 2005 hivi, nafasi yao ikachukuliwa na roboti ndogo: kilo chache, kiboko kinachozunguka, na spika. Ngamia wanakimbia vizuri tu.

Lakini ngoja kwanza. Tazama pembeni ya uwanja wakati ngamia hao wanakimbia. Kuna msafara wa magari makubwa yanayokwenda sambamba nao, na ndani yake wamo wakufunzi wenye rimoti na redio. Mmoja anaamua kiboko kipige lini. Sauti yake inatoka kwenye spika iliyo mgongoni mwa ngamia. Kwa hivyo uamuzi wa binadamu haukuondoka. Ulihama tu kutoka mgongoni ukaingia kwenye gari. Walimwondoa mtoto, na ni vyema sana walimwondoa, lakini hawakuweza kumwondoa mtu wa kuamua.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kazi ya joki.

Mfikirie David Rudisha, London, mwaka wa 2012, fainali ya mita 800. Alitoka mbele tangu mwanzo. Mzunguko wa kwanza aliukimbia kwa sekunde 49.28, wa pili kwa 51.63, jumla 1:40.91, rekodi ya dunia. Watu husema "miguu ile!" Sawa, miguu ile. Lakini kulikuwa na kichwa pia. Angekimbia mzunguko wa kwanza kwa kasi iliyozidi kidogo tu, angeisha nguvu kabla ya utepe. Rudisha alijua amebakiza mita ngapi na ana nguvu kiasi gani.

Farasi hajui. Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika mchezo huu, na ni rahisi kulisahau. Farasi hajui kama mbio ni za mita 1,200 au 2,400. Hajui nguzo ya kumalizia iko wapi. Hajui kwamba yule anayemfukuza amechoka, wala kwamba kule ndani karibu na ua kuna nafasi itakayofunguka sekunde tatu zijazo. Ana injini ya kutisha, hana ramani. Rudisha alikuwa farasi na joki ndani ya mwili mmoja. Farasi wa mbio anahitaji miili miwili.

Na huyo wa juu akikosea hesabu, injini haikusaidii. Mwaka wa 1957, kwenye Kentucky Derby, Bill Shoemaker alikuwa juu ya farasi aitwaye Gallant Man, wakikaribia ushindi. Shoemaker akaiona nguzo, akadhani ndiyo ya kumalizia, akasimama kidogo kwenye vikuku. Haikuwa ile. Akaketi tena haraka, lakini Iron Liege akampiga kwa pua. Pua tu, msee. Na huyu si joki wa mtaani. Huyu ni mtu aliyestaafu akiwa na ushindi 8,833, na Kentucky Derby aliishinda mara nne. Hata yeye, kwa kufumba na kufumbua, alimnyang'anya farasi wake taji.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha Dancing Brave, Uingereza, mwaka wa 1986. Farasi huyu alikuwa ameshinda 2000 Guineas na wengi walijua ndiye bora. Kwenye Derby ya Epsom, joki Greville Starkey alimweka nyuma kabisa, akingoja. Epsom ina mteremko na kona mbaya. Alipomfungulia hatimaye, Dancing Brave alipaa kama amerushwa, akawapita karibu wote. Karibu. Shahrastani alikuwa ameshafika, nusu urefu mbele.

Starkey alitukanwa hadi kaburi lake. Miezi michache baadaye Dancing Brave alikwenda Paris kwenye Prix de l'Arc de Triomphe akiwa na joki mwingine, Pat Eddery, akashinda. Ukisoma hadithi hiyo haraka utasema: unaona? Walibadilisha joki, mambo yakanyooka.

Lakini itazame polepole. Eddery naye alingoja sana siku hiyo! Alikuja kwa nje, dakika za mwisho, mbinu ile ile ambayo Starkey alisulubiwa kwayo. Tofauti ni kwamba uwanja ulikuwa mwingine, na hesabu yake ikatoka. Na kuna jambo jingine ambalo watu hawalitaji. Mwaka wa 1978 Starkey huyo huyo alishinda Derby hiyo hiyo ya Epsom juu ya Shirley Heights, akitoka nyuma na kumpita kiongozi mwishoni kabisa kwa pengo la kichwa. Unajua alimpita nani? Bill Shoemaker. Mwaka huo kungoja kuliitwa ujasiri. Miaka minane baadaye kungoja kukaitwa upumbavu.

Ndiyo maana nasema tunawahukumu majoki kwa matokeo, si kwa kazi.

Kuna watakaosema: sawa, wanaamua, lakini kimwili ni mzigo tu. Si kweli pia. Hadi mwishoni mwa karne ya 19 majoki wengi walipanda wakiwa wima, miguu imenyooka. Mwaka wa 1897 Mmarekani Tod Sloan alikwenda Uingereza akipanda kwa kuchuchumaa, ameinamia shingo ya farasi. Walimcheka, wakamfananisha na tumbili. Baadaye wote wakamwiga. Mwaka wa 2009 watafiti wa Royal Veterinary College ya London walieleza kwenye jarida la Science kwamba muda wa mbio ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7 katika kipindi ambacho mtindo huo ulienea. Kwa mbio za dakika mbili, hizo ni sekunde 6 hadi 8.

Sababu yenyewe ni rahisi. Joki aliyechuchumaa anatumia miguu yake kama springi. Farasi anapanda, anashuka, anasukuma mbele, lakini mwili wa joki unabaki umetulia. Farasi bado amebeba kilo zile zile, ila halazimiki kuzitikisa katika kila hatua. Kutulia kule unakokuona kwenye televisheni ni kazi ngumu. Jaribu kuchuchumaa hivyo sebuleni kwa dakika mbili, kisha fikiria uko kwenye mnyama wa nusu tani anayekimbia kilomita 60 kwa saa.

Leo kila joki anachuchumaa, kwa hivyo hakuna anayepata faida hiyo peke yake. Kinachobaki kuwatofautisha ni kichwa, mikono na roho. Na hapa nakubali jambo: mchango wa joki unaonekana zaidi pale farasi wanapokaribiana. Mwaka wa 2022 Rich Strike aliingizwa kwenye Kentucky Derby siku moja tu kabla ya mbio, baada ya farasi mwingine kujiondoa. Wabashiri walimpa 80 kwa 1. Joki wake, Sonny Leon kutoka Venezuela, alikuwa akipanda zaidi kwenye viwanja vidogo vya Ohio. Alitoka nyuma akipenya kati ya farasi kama boda kwenye jam ya Thika Road, akaupata upenyo karibu na ua wa ndani, akashinda. Rich Strike hakushinda mbio nyingine tena maishani. Siwezi kukuambia siku hiyo ilikuwa ya farasi peke yake.

Kwa farasi wa juu kabisa hali ni tofauti. Kule joki haongezi kasi, anaitunza. Chukua Frankel, aliyekimbia mara 14 kati ya mwaka wa 2010 na 2012 na kushinda zote 14. Tom Queally alikuwa juu yake mara zote. Rahisi kusema hata mimi ningeshinda. Lakini nenda utazame mbio za St James's Palace Stakes, Ascot, Juni 2011. Queally alimfungulia mapema mno, Frankel akamaliza akiwa amechoka, akaponea kwa robo tatu ya urefu. Wiki chache zilizokuwa zimetangulia alikuwa ameshinda kwa urefu sita. Farasi ni yule yule, joki ni yule yule, uamuzi mmoja wa haraka ukala karibu akiba yote.

Magazeti yalimchana Queally. Mkufunzi Henry Cecil hakumfukuza. Alimwacha, na mbio zote zilizobaki zikaenda sawa. Sijui kama kuna somo bora kuhusu kazi kuliko hilo: mtu aliyejua alikokosea aliaminiwa tena.

Wengine hawapati hata hiyo nafuu. Zenyatta alikuwa ameshinda mbio 19 mfululizo alipoingia kwenye Breeders' Cup Classic ya 2010. Zilikuwa mbio zake za mwisho. Alibaki nyuma sana mwanzoni, akaja kwa kishindo, akashindwa kwa kichwa na farasi aitwaye Blame. Mike Smith, joki wake, alilia mbele ya waandishi wa habari akisema kosa ni lake. Mara 16 alizoshinda naye, watu walimpigia makofi Zenyatta. Ile moja, Smith aliibeba mwenyewe.

Sasa tuzungumze pesa, maana hata heshima ina bei. Marekani, joki aliyeshinda kwa kawaida hupata karibu asilimia 10 ya zawadi ya mwenye farasi. Nyumbani huku watu husema "asilimia 90 farasi, 10 joki," na utaona malipo yanafuata wimbo huo huo. Lakini pesa kubwa haziko kwenye zawadi. Mapema mwaka wa 1973, kabla Secretariat hajashinda hata moja ya zile mbio tatu, hisa za kumtumia kuzalisha ziliuzwa kwa dola milioni 6.08. Farasi akistaafu anakwenda shambani kula nyasi na kuzaa. Joki anakwenda kutafuta farasi mwingine.

Ron Turcotte alikwenda kutafuta farasi mwingine. Julai 1978, kwenye uwanja ule ule wa Belmont alikoshinda kwa urefu 31, alianguka mbio zilipoanza tu. Hakutembea tena. Mtu yule tuliyesema "hafanyi chochote" alilipa kwa miguu yake miwili.

Ndiyo sababu hoja ya "joki ni abiria" inanichemsha. Abiria hulipa nauli, hafi kwa niaba ya dereva.

Labda unaniuliza, wewe bloga uliyeacha chuo mwaka wa pili, farasi wa Kentucky wanakuhusu nini? Wananihusu hivi. Makala yangu ikisambaa, watu husema mada ilikuwa moto. Ikidorora, mwandishi hajui kazi. Na najua haiko kwangu tu. Nganya ikifika tao kwa dakika ishirini, sifa ni za gari na mziki wake. Ikichelewa, dereva ni mjinga. Shughuli ikifana, bwana harusi ana pesa. Wali ukiungua, mpishi ni nani? Kuna kazi ambazo ukizifanya vizuri hazionekani, na ukikosea mara moja tu unapewa jina. Bila shaka wewe unayesoma hii una moja ya hizo.

Kwa hivyo naomba vitu viwili. Kwanza, kama unaweka pesa kwa sababu ya jina la joki peke yake, acha. Joki mzuri hawezi kumpa farasi mwili ambao hana, na jipu moja mdomoni linatosha kuzima kila kitu. Pili, kama huwezi kumsifu joki farasi anaposhinda, basi huna haki ya kumtukana farasi anaposhindwa. Chagua. Ama ana umuhimu siku zote mbili, ama hana siku yoyote.

Siku ile Ngong, baada ya zile mbio za pili, yule joki alishuka, akafungua tandiko, akalibeba kwenda kupimwa uzani jinsi wanavyofanya wote. Alipita mita chache kutoka tulipokuwa. Alikuwa mfupi kuliko nilivyodhani, uso umejaa udongo, anahema. Mzee alisema tena lile neno, kwa sauti, ili asikie. Joki hakugeuka.

Nilitaka kumpigia makofi. Lakini alikuwa amemaliza wa pili na hakuna mwingine aliyekuwa akipiga, nikaona haya, nikanyamaza. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo kuliko kelele za mzee. Jumapili ijayo narudi, na nitapiga, hata kama ni mimi peke yangu.